Usukani wa Marehemu Alois Fransisko Banzi

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Padre, wazee wetu, shikamooni, ndugu zetu Waislamu mliopanda kutoka mjini, asalaam aleikum, nanyi watani ambao tangu asubuhi mmekalia kinu na kushika ungo mkiigiza marehemu anavyokata kona za Kiroka, tupeni nafasi kidogo, na ungo wetu mtaurudisha. Mimi ni Stefano, mtoto wa Rosa, dada yake marehemu, nimetumwa na ukoo kuwasomea maisha ya mjomba wangu.

Marehemu Alois Fransisko Banzi alizaliwa hapa Matombo tarehe 21 Juni 1920, sikukuu ya somo wake Mtakatifu Alois, akasoma shule ya misheni kuanzia 1929 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1933, na mwalimu wake, aliyepo hapa, atakubali kwamba macho ya mwanafunzi huyu yalikuwa zaidi dirishani, kwenye lori la misheni, kuliko ubaoni. Mwaka 1936 aliajiriwa kuwa utingo wa lori hilo, akapakia ndizi na kusukuma tope, na mwaka 1939 akapata leseni.

Februari 1942 aliingia jeshini, Keya, akiwa dereva wa malori, na mwaka 1944 akavushwa hadi Burma pamoja na Paulo, mtoto wa Mama Maria wa kijiji hiki hiki, ambaye marehemu alikuwa akimfundisha udereva. Tarehe 9 Novemba mwaka huo, baada ya siku mbili bila usingizi, marehemu alimwachia Paulo usukani apate kufumba macho kidogo, lori likaanguka bondeni, Paulo akafa, yeye akavunjika mfupa wa bega. Aliporudi Machi 1946 hakufika kwao kwanza, alikwenda kwa Mama Maria, akaketi chini mbele yake akamweleza yote, na mama yule, Mungu amweke, alimpa maji ya kunywa. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyegusa usukani wa gari lolote alilokabidhiwa.

Tarehe 12 Julai 1947 alifunga ndoa na Felista katika kanisa letu hili, wakajaliwa watoto watatu, Yuliana mwaka 1948, Gabrieli mwaka 1951, na Anastasia mwaka 1955, ambaye bado anauliza baba atarudi lini.

Mwaka 1948 aliajiriwa katika karakana moja mjini Morogoro, na mwajiri wake ndiye aliyemwandikisha katika mashindano ya magari ya siku mbili, Morogoro hadi Dodoma na kurudi, ambayo Mwafrika alikuwa hajawahi kushiriki. Wenzake walikwenda madereva wawili wawili wakipokezana, yeye aliendesha peke yake, mimi pembeni nikisoma saa na ramani, akachukua kombe mwaka 1955, na tena mwaka 1957. Mwaka 1956 alikuwa wa pili, na kila aliyemkumbusha mwaka huo alibadilishiwa mazungumzo, akaulizwa habari za mashamba.

Kwetu Waluguru, kwa faida ya wageni, mtu ni wa ukoo wa mama yake, na kazi ya mjomba humwendea mpwa. Nilimwomba anifundishe mara tatu akakataa, hata Krismasi iliyopita mama yangu akampeleka mbele ya wazee, naye akawajibu, "Shamba nitampa, nyumba nitampa, usukani hapana." Watu walimwita mchoyo. Na mimi nilimwita hivyo, wazee wangu, tena nyumbani kwake, nikila chakula chake.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 6 Aprili 1958, baada ya Misa, alishikwa na tumbo, na Jumanne Sista wa zahanati akasema ni kidole tumbo, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Gari lake lilikuwa uani, zima, lina mafuta, lakini lori la misheni lilikuwa Dar es Salaam pamoja na dereva wake, na hapa Matombo pote aliyebaki anayejua kuendesha alikuwa mgonjwa mwenyewe. Felista alimfunga tumbo kwa kanga, naye marehemu akapanda mwenyewe, akawasha gari. Maili thelathini za masika zilituchukua saa tano, alisimama mara tatu kutapika, nami nilikaa pembeni yake, mtu mzima mwenye mikono miwili, nimeiweka magotini. Alifika, akavuta breki, akazima gari, ndipo akaanguka.

Madaktari walimpasua jioni ile, lakini kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Jumatano alinipa ufunguo, akasema, "Nilikuwa naogopa nisije nikakuzika wewe pia. Nimekosea. Mwambie Salum akufundishe." Akafariki Alhamisi, tarehe 10 Aprili, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, Sista wa zahanati, majirani mliofukia mashimo ya barabara kwa majembe yenu ili jeneza lipite, watani, mwajiri wake, na madereva wenzake, hasa Bwana Salum Mwinjuma, aliyeendesha gari lililomleta, na ambaye Jumatatu ataanza kunifundisha, kwa kuwa ufunguo ninao hapa mfukoni na kuendesha sijui.

Mjomba, jana ulipandishwa mlima huu mtu mwingine akiwa usukanini, mara ya kwanza tangu Paulo. Salum alikwenda polepole, kila kona nilikuwa nimeshika jeneza, na wote tumefika salama. Sasa unaweza kufumba macho. Pumzika kwa amani.