Kilo Thelathini na Moja za Mchele

Ndugu waombolezaji, mimi Felisia, mdogo wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu Jovitus, na mnisamehe nikitabasamu, maana jana niliona jambo na siwezi kulificha.

Jovitus alizaliwa Kashozi, Bukoba, tarehe 14 Machi 1974, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi 1989, akajifunza ufundi wa magari Mwanza, na tarehe 2 Juni 2001 akafunga ndoa na wifi yangu Sarah, wakajaliwa mtoto mmoja, Benjamin.

Mwaka 2009 alikuja hapa Guangzhou kununua nguo za biashara katika mtaa wa Guangyuan Xilu, lakini nguo zilimshinda mapema, akahamia kwenye vipuri, na mwaka 2023 laoban Liang, tajiri wake, akamkabidhi gari lake la Kimarekani la mwaka 1969, lenye injini ya kunguruma na ubishi wa kuvuta kushoto. Mafundi watatu walikuwa wameshalikimbia. Kaka akabadilisha bushi na bolijointi zote za mbele, akaapa kwamba haondoki Guangzhou kabla halijanyooka.

Alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, aliipima kwa kamba iliyonyooshwa ubavuni mwa gari, na mtu lazima akae kwenye kiti cha dereva, kwani alisema gari tupu linadanganya. Alikaa yeye, kwa kuwa yeye na laoban walikuwa na uzito mmoja, kilo themanini na sita, naye Benjamin akashika kamba.

Januari 2025, kabla hajamaliza kupima, figo zilimshika. Kila alipopungua uzito tulifidia kwa mchele kutoka mgahawani kwangu Dengfeng, mpaka zikafika kilo thelathini na moja, na gari bado lilivuta kushoto. Alifariki tarehe 9 Oktoba, saa nne asubuhi, akiwa na deni hilo moyoni, na niliumia sana.

Jana Sarah alishtuka ghafla: kwa kumhurumia mgonjwa, hatukuthubutu kumpakatisha mifuko, tuliiweka kiti cha abiria, uzito ukaenda upande usio wake! Tukapakia kilo zote themanini na sita kwenye kiti cha dereva, Benjamin akafunga kamba upya, akazungusha kidogo tu tairodi, ile fimbo inayoelekeza magurudumu, tukashusha mchele, laoban akaendesha uani kwake, akaachia usukani, akatoa mikono yote miwili dirishani, gari likaenda moja kwa moja hadi ukutani, na sote tukapiga vigelegele huku tukilia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Dengfeng, wafanyabiashara wenzake, na laoban Liang aliyefunga duka siku tatu.

Kaka, ndege yako ya kurudi nyumbani ni kesho. Limenyooka, sasa unaweza kuondoka. Ulale kwa amani.