Sanduku Lenye Alama ya Ngamia

Benchi la Awut, muuza kahawa, liko Kakuma ubavuni mwa ukumbi wa video. Tulikuwa tumetoka kutazama filamu ya mvumbuzi aliyeishtaki kampuni kubwa iliyomwibia pampu yake. Akashinda, akiwa kikongwe mwenye koti moja. Mimi bado nilikuwa nachemka. Ebenyo, fundi wetu wa kuchomelea, alikuwa anakoroga kahawa yake. Kesho yake alikuwa na kesi kama hiyo katika korti ya Lodwar. Aliunda sanduku la bati lenye kuta za gunia linaloloweshwa maji. Upepo ukipita linapoa, na samaki wa Ferguson's Gulf, kule Ziwa Turkana, wanafika hapa bila kunuka. Kampuni moja ikaja, ikapiga picha, ikamwita mshirika. Sasa inaliuza mjini Lokichar.

— Yule wa filamu alikosea kutafuta wakili, alisema Lochakapong, tunayemwita Jaji kwa kuwa alikuwa bawabu wa korti. Kesi ni sauti. Mwenye kelele ndiye nilikuwa nafungulia mlango.

— Ndiyo maana walikufuta, akajibu Majak, muuza simu kutoka kambini, jina la kijiweni Setilaiti. Wazee, kampuni ina setilaiti, inaona fikira kutoka juu ikiwa bado moto. Ebenyo, hii sanduku ulifikiria ukiwa nje ama ndani?

— Nje.

— Si unaona! Ungeingia chini ya mabati!

— Huu ni wizi! nikafoka. Wanakula akili ya fundi, halafu wanamrudishia mifupa ashukuru!

— Nakaale, hapa si kampasi, Awut akanimiminia. Kunywa, mwanangu.

— Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza, Jaji akaamua. Ndiyo kampuni ilitaka sanduku.

Ebenyo akakohoa.

— Hata alama waliiga.

— Alama gani?

— Ya ukoo. Ile tunachomea ngamia. Niliweka kwa mlango, wao wakadhani ni urembo.

Benchi zima likasimama.

— Ngamia ya alama yako ikipatikana kwa zizi ya mtu, ni ya nani? Jaji alinguruma. Yako! Hata ikizalia huko! Kesho usiombe fidia. Omba masanduku yote na watoto wao!

— Na malori! akadakia Setilaiti. Swaga yote hadi mpakani Nadapal kama mbuzi!

Wakacheka, lakini mimi niliona hoja: ushahidi wameuchapa wenyewe! Nikampiga Ebenyo bega. Akatabasamu, mara ya kwanza wiki hiyo.

Hapo akafika Namuar, shangazi yake, mavumbi ya Lokichar hadi kwenye nyusi.

— Ejok, watoto.

— Ejok, mama.

— Nimeona masanduku yenye alama yetu. Ni mazuri. Lakini alama tuliachiwa na babu, si ya mtu mmoja. Sasa kesho, korti ikiita mwenye mali, nani anasimama?

Jaji akasogeza kikombe chake. Setilaiti akatazama mbingu.

Ebenyo akasogea, shangazi akapata pa kukaa.