Aliyeushika Mguu wa Mbonigaba

Mheshimiwa Mwakilishi wa Meya, Baba Padri uliyeshuka kutoka Nyundo, wauguzi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mbonigaba uliyejichagulia kiti karibu na kreti za soda: amani iwe kwenu.

Mimi, Karenzi, nimeongoza kituo hiki cha afya miaka kumi na tisa, na leo ninamkabidhi Uwingabire chumba changu. Tangu asubuhi nawasikia mkinong'onezana, "Kwani huyu amekuwa daktari?" Hapana. Ni muuguzi, na ataendelea kuwa muuguzi. Ila baada ya miaka mingi wodini alirudi chuoni, akasoma hadi akapewa ruhusa ya kumchunguza mgonjwa, kutambua ugonjwa, kuandika dawa na, jambo gumu kuliko yote, kujua ni lini mgonjwa si wake tena bali ni wa hospitali. Je, hayo yote yanapatikana vitabuni tu?

Niruhusuni nijianike. Mwaka jana, Uwingabire akiwa hapa kwa mafunzo ya vitendo, Mbonigaba alikuja akichechemea, ametoka Kampala kwa basi. Foleni ilikuwa ndefu. Mimi, na uzoefu wangu wote, nikamwambia kutoka mlangoni kile tunachoambiana sote hapa Nyamyumba: "Huo ni uchovu wa safari. Nenda kwenye majimoto, kule chemchemi za kando ya ziwa, wakukande." Nani kati yetu hajaambiwa hivyo?

Uwingabire alimfuata hadi uani, akamketisha, akaipima miguu yote miwili kwa utepe wa kupimia vichwa vya watoto wachanga. Mmoja ulikuwa umevimba, tena una joto.

"We mutoto," Mbonigaba akamwambia, "muzee ameshasema. Mi naenda kukandwa."

"Ndiyo, papa, muzee amesema," akajibu. "Lakini mi nimeshika muguu."

Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Wangemkanda, bonge lile lingeweza kukimbilia mapafuni, na leo tungekuwa tunamwombea marehemu. Uwingabire alinijia mbele ya wagonjwa wote, akaniambia kwa heshima kwamba nimekosea, akampigia daktari simu, gari likaja. Nilikasirika, sifichi. Nilikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaenda hospitalini, nikamkuta Mbonigaba akilalamika kwamba viazi havina chumvi, nikalia.

Wanasema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Basi ndugu zangu, msimwite Uwingabire daktari mkidhani mnampandisha cheo. Mwiteni muuguzi, heshima yote imo humo.

Na kama bado mnasita, goti langu la kushoto linanisumbua tangu Pasaka, nami nimekuwa nikijitibu kwa maneno. Kesho saa mbili asubuhi mtanikuta kwenye lile benchi la nje, nyuma ya yeyote atakayenitangulia.

Asanteni kwa kumsikiliza mzee aliyejianika. Na wewe, binti yangu, kesho usiniulize mimi nadhani nini. Shika mguu.