Balozi Aliyesema "Nimekusikia"

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Mei 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, kila treni ikipita vikombe vinacheza kabatini. Baba alikuwa karani wa reli, mama mshona nguo. Alikuwa kifungua mimba katika watoto watatu, na wadogo zake wawili, mmoja wao akiwa ndiye anayesoma wasifu huu, walimkuta tayari kashika kazi. Wazazi wetu walipendana sana, lakini wakikosana walikuwa hodari wa kununa. Siku hizo yeye ndiye aliyebeba maneno kati ya chumbani na jikoni. Baba akisema, "Kamwambie mama yako hii chai ni maji matupu," yeye hufika jikoni na kusema, "Baba anaomba majani kidogo zaidi." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya ubalozi, na haikuwa na mshahara.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, hatua chache kutoka nyumbani, na mwaka 1966 akajiunga na sekondari ya bweni ya wasichana. Huko alichaguliwa kiranja, jambo lililowashangaza wengi kwa sababu hakuwa na sauti kubwa. Mwalimu mkuu aliandika kwenye ripoti kwamba msichana huyu "anasikiliza mpaka anayesema anaanza kuona aibu." Aliingia chuo kikuu mwaka 1971 kusoma historia na lugha, akahitimu 1974. Baba alivaa suti ya kuazima siku ya mahafali, na hakutaka kuirudisha.

Aprili 1975 aliajiriwa Wizara ya Mambo ya Nje. Alipewa meza mwisho wa korido, kwenye chumba chenye taipureta tatu na feni ambayo haikuzunguka mpaka izabwe kofi. Mkuu wake wa kwanza, mzee wa itifaki asiyependa mzaha, alimwita siku ya kwanza akamwambia: "Binti, hapa ukisema ndiyo, nchi nzima imesema ndiyo. Ukisema hapana, vivyo hivyo. Kama makao makuu hayajajibu, mwambie mtu umemsikia. Basi. Usiongeze hata nukta." Neno hilo lilimganda. Wenzake wakampachika jina la Bi Nimekusikia, kwanza kwa siri, baadaye mbele yake, naye hakukasirika.

Alitumikia vituo vitatu ugenini, na mwaka 1996 akateuliwa kuwa balozi. Kazi aliyojivunia kuliko zote ni mazungumzo ya daraja la mpakani, lililofungwa kwa ugomvi wa serikali mbili huku ndugu wakipungiana mikono ng'ambo na ng'ambo. Kiongozi wa upande wa pili alichoka, akapiga meza: "Mama, mwaka wa pili huu unanisikia tu! Utanijibu lini?" Marehemu akamtazama bila kupepesa macho, akasema, "Na hilo nalo nimelisikia." Chumba kizima kilivunjika mbavu, na yule bwana naye akacheka mpaka akavua miwani. Daraja lilifunguliwa mwaka uleule. Wote waliofanya naye kazi wanasema jambo moja: akishasema ndiyo, huna haja ya kumuuliza tena.

Mwenzi wake alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole, mcheshi, asiyejua itifaki hata kidogo. Alimchumbia kwenye benchi nje ya maktaba, akiwa amekariri maneno yake wiki nzima. Akajibiwa, "Nimekusikia." Masikini, alirudi nyumbani akashika tama, akawaambia rafiki zake ametoswa, na kesho yake akaomba uhamisho. Siku moja wakati wa mapumziko mwalimu akamwona dada yetu anavuka uwanja wa shule kumfuata.

"Jibu langu ni ndiyo," alimwambia. "Nilikuwa nafikiri."

"Ulikuwa unafikiri? Mwenzio nimeshaomba uhamisho!"

Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, na uhamisho ukafutwa. Mwaka 1982 Mungu aliwajalia mtoto wao wa pekee, binti.

Hapa wasifu unakuwa mzito, na familia isingeyasoma haya hadharani kama binti mwenyewe asingeomba yasomwe. Mama alipopelekwa ugenini, iliamuliwa mtoto abaki nyumbani na baba yake na mama yake mdogo, asihangaishwe na kubadili shule. Mama alipiga simu kila Jumapili. Mtoto akiuliza, "Mama, utakuja siku ya michezo?" jibu lilikuwa, "Nimekusikia, mwanangu." Hakuwa anamdanganya. Hakuweza kuahidi safari ambayo hajaruhusiwa, na hakujua kusema na mtoto kwa lugha tofauti na ile ya kazini. Lakini mtoto hakuwa mjinga. Alijifunza maana ya neno lile mapema, na siku moja akauliza kwenye simu, "Makao makuu hayajajibu?" Mama yake mdogo, aliyekuwa amesimama karibu, hajaisahau sauti ile.

Binti alipokuwa na miaka tisa aliimba peke yake mbele ya wazazi wote shuleni. Alitandaza sweta lake kwenye kiti cha pembeni ya baba yake, asikikalie mtu. Aliimba vizuri sana, na sweta likabaki palepale mpaka watu wakatawanyika.

Mwaka 2003 baba yake alianguka ghafla darasani, chaki mkononi, akafariki siku hiyohiyo. Binti alipiga simu: "Mama, njoo leo." Huko ugenini, mkutano aliokuwa akiusimamia ulikuwa kwenye siku zake za mwisho. Marehemu akasema neno lake, akakata simu, akaenda kuomba ruhusa. Alifika watu wanatoka makaburini. Binti yake alimkuta getini, akamwambia, "Hata kwa baba umechelewa." Baada ya hapo walisalimiana, wakaulizana hali ya hewa, wakaagana. Binti alikwenda kufanya kazi ya uuguzi nchi ya mbali, akaolewa, akazaa, na simu za Jumapili zikaendelea hivyohivyo.

Marehemu alistaafu mwaka 2011. Alilima maua, akasoma magazeti kwa kalamu nyekundu, akawachosha wajumbe wa kamati ya maji ya mtaa kwa kuwasikiliza. Ila lile lililomkaa rohoni hakuweza kulitamka. Aliwahi kumwambia mdogo wake, "Nimewapatanisha mawaziri. Kwa mwanangu sijui nianzie wapi." Alilia aliposema hivyo, na hakuwa mtu wa kulia.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na tunawashukuru madaktari na wauguzi wote. Novemba 2022 daktari alituambia tuwaite walio mbali. Mdogo wake alimshikia simu sikioni, na sote tuliokuwa chumbani tukamsikia binti: "Mama, nimepata ndege ya Alhamisi. Nisubiri, tafadhali." Kila mmoja alijua jibu litakuwa nini. Marehemu alilowesha midomo, akasema, "Nitakusubiri."

Muuguzi wa zamu hakuelewa kwa nini chumba kizima kilianza kulia.

Akamsubiri. Ndege ilichelewa, daktari akawa kila asubuhi anatutazama na kutikisa kichwa, mgonjwa naye akikataa dawa ya kumlaza. Ijumaa mchana binti aliingia, begi bado begani.

"Umenisubiri," alisema.

"Si nilikuahidi." Kisha, kwa pumzi fupi fupi: "Mwanangu, kile kiti chenye sweta. Baba yako alinisimulia. Nisamehe kwa kile, na kwa vingine vyote nilivyoviacha vitupu."

Binti alitaka kujibu mengi. Lililotoka ni hili: "Nimekusikia, Mama."

Marehemu alicheka. Alicheka kweli, mpaka akakohoa, akasema, "Haya, umenipata," akafumba macho akiwa anatabasamu. Binti alimshika mkono, akasema moyoni kwamba akiamka atamjibu vizuri. Hakuamka. Alifariki Jumamosi alfajiri, tarehe 19 Novemba 2022, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili, wadogo zake wawili, na watu wengi wanaovuka lile daraja bila kulijua jina lake.

Binti yake ameshindwa kusimama hapa. Ameandika mistari michache, akaomba isomwe kwa sauti kabla udongo haujarudishwa:

"Mama, makao makuu yamejibu. Jibu ni ndiyo. Sasa pumzika kwa amani."