Pasi Iliyookoa Harusi

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu walikaa kaka na dada. Kaka mtu, fundi kompyuta wa studio ya picha, alipakata diski. Dada mtu, fundi cherehani, alipakata pasi. Nikajifanya nimesinzia, maana ubishi mtamu huharibika ukijua unasikilizwa.

"Niliandika skripti, programu fupi ya kufuta," kaka alisema. "Unaipa jina la folda, inaifuta bila kuuliza. Nikaipa Harusi Mbovu, zile picha zilizotoka na ukungu. Nikasahau kulifunga jina ndani ya alama za kunukuu."

"Bila hizo inakuwaje?"

"Kompyuta inaona nafasi katikati, inadhani nimeipa majina mawili. Inashika la kwanza."

"Harusi."

"Harusi! Folda ya harusi zote za wateja wetu, dada. Zote!" Usingizi wangu wa uongo uliniruka. "Bahati diski hii yenye picha ilikuwa imezimika, haikufutika hata moja. Ulichomoa waya wake ukachomeka pasi yako."

"Na ukanifokea mpaka majirani wakatoka nje."

"Nilikuwa sijajua." Akacheka, akajifuta jasho. "Roho ndiyo kwanza inarudi mahali pake."

"Basi sema asante."

"Lakini dada, huwezi kuchomoa diski ya watu hivihivi!"

"Na wewe huwezi kufuta harusi za watu hivihivi!"

Treni ikasimama. Asante sikuisikia. Ila kaka mtu aliichukua pasi mapajani mwa dada yake, akashuka nayo, ameikumbatia pamoja na diski.