Dakika Kumi Kabla ya Kupindua Keki

Wenzangu, mtanivumilia nikiongea nimesimama. Nikikaa nitajisikia niko nyumbani, na nyumbani kwangu, kwa muda mrefu, hapakuwa mahali pa kuongea na watu walio hai.

Mimi ni mwokaji keki. Wengi wenu hapa Nyalenda mmekula keki zangu. Wengine mmekula zile za mwaka mbaya, na kwa hizo naomba msamaha kabla sijaendelea.

Kazi tuliifanya wawili, mimi na mke wangu. Mimi nilipiga mayai na sukari mpaka yaumuke yawe meupe, nikachanganya unga taratibu, nikachunga oveni. Lakini kutoa keki kwenye tini ilikuwa kazi yake, na hakumwachia mtu. Tulioka sponji, ile nyepesi isiyotiwa mafuta, ambayo ukiishika vibaya inabonyea na kupasuka mbele ya macho yako. Nikiitoa ovenini nilikuwa na haraka ya kuipindua. Yeye alisema neno moja tu: "Bado." Tunakaa. Mara anainuka, hajaangalia saa, anapindua tini, anaigonga chini kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Keki inashuka nzima.

Aliugua wiki tatu. Sitazisimulia hizo wiki. Kila mfiwa humu ndani ana zake.

Matanga yakaisha, watu wakarudi makwao, nikabaki na binti yetu wa miaka kumi na tatu. Mama mmoja wa Otonglo akanipigia simu, anataka keki ya ubatizo wa mtoto. Nikasema sawa, kazi itanisaidia. Nikaoka. Nikaitoa, nikaipindua palepale ikiwa moto. Ikashuka, lakini katikati ilibaki ndani ya tini. Shimo kubwa kama kiganja.

Nikachukua kijiko cha chuma, nikakwangua kile kipande kwa hasira, nikaosha tini, nikaoka nyingine. Ikatoka na shimo. Nikaoka ya tatu. Shimo. Nikaziweka tatu zote mezani, na binti yangu akaja akasimama pembeni yangu. Akaziangalia muda mrefu.

"Baba," akasema, "mashimo ni mamoja."

Kweli yalikuwa mamoja. Mahali pamoja, umbo moja, na upande mmoja yamechanika michirizi mirefu kama vidole.

"Ni kama mkono," akasema.

Nikamwambia aende akafanye kazi ya shule. Lakini nilikuwa nimeshaona.

Sasa ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo nilificha hata kwa mchungaji. Wiki iliyofuata ilikuwa ile ya wale wadudu wadogo wa ziwani, sami. Walikuwa wengi siku hiyo, wamejaa kwenye kioo cha dirisha la jikoni mpaka nuru ikawa ya kijivu, na ilikuwa saa saba mchana. Nikatoa tini ovenini, nikaiweka mezani, nikageuka kunawa mikono. Nyuma yangu nikasikia: ko, ko, ko.

Nikaenda mlangoni. Hakuna mtu. Uani hakuna mtu, hata kuku. Nikarudi nikasimama katikati ya jikoni, maji yakinitiririka mikononi, nikiangalia ile tini. Imekaa tu. Nikaikamata kwa kitambaa, nikaipindua kwa nguvu ili yaishe, na keki ikapasuka.

Tangu siku hiyo niliogopa ile nafasi kati ya oveni na sahani. Nilikuwa naipindua tini mara tu inapotoka, kabla haijagonga. Na kila mara shimo. Na kila mara nakwangua.

Mnaweza kusema, kwa nini usinunue tini nyingine? Hata mimi ningemwuliza mtu hivyo. Lakini ilikuwa tini yake. Na hapa ndipo nilipoanguka, kwa sababu woga ule uligeuka kuwa kitu kingine. Siku moja nilichoka, sikukwangua. Nikaacha kile kipande ndani ya tini mezani, nikaenda kulala. Asubuhi tini ilikuwa safi. Safi kabisa, hata chembe hakuna.

Panya, mtasema. Nami nilijua kuna panya Nyalenda. Lakini nilikaa kitini nikalia kwa furaha, kwa sababu nilijiambia: amekula.

Basi nikaanza kumwokea. Wateja walipiga simu, sikushika. Nilioka kila siku mchana, nikapindua, nikawapa majirani sehemu iliyotoka, nikaacha ya katikati kwenye tini na kijiko pembeni. Nikavuta kiti chake. Nikawa namweleza habari za siku, bei ya mayai, nani amehama. Nikinyamaza, nasubiri. Wakati mwingine nilijibiwa, au nilidhani nimejibiwa. Niliacha kunyoa. Niliacha kuja hapa kanisani. Nilipungua mpaka mshipi ukahitaji tundu jipya, maana keki nilizooka sikuonja.

Binti yangu alirudi kutoka shule akanikuta.

"Baba, unaongea na nani?"

"Na mama yako."

Hakulia. Aliangalia kile kiti, akaangalia tini, na nikaona uso wake ukifunga kama duka. Jumamosi alipanga nguo zake kwenye begi. Shemeji yangu, dada ya marehemu, alikuja kumchukua wakaenda Katito. Mlangoni binti yangu akaniambia, "Mama alizikwa, Baba. Mimi nilikuwepo. Sitarudi nyumba hii mpaka hiyo tini itoke."

Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu. Asubuhi moja niliibeba hadi ufuoni, nikaingia majini mpaka magotini, nikaitupa mbali nilivyoweza. Haikuzama. Ilikaa juu ya maji wima, ikayumba, ikageuka polepole, na mawimbi madogo yakaanza kuirudisha. Wanawake waliokuwa wakifua waliacha kufua. Nilisimama pale nikiiangalia inakuja, hatua kwa hatua, hadi ikanigusa mguu. Nikaichukua, nikarudi nayo nyumbani.

Siku mbili baadaye akabisha mama mmoja mzee wa Kaloleni, Mwislamu, amejifunga leso yake kichwani. Nilimfahamu kwa mbali: ndiye aliyemfundisha mke wangu kuoka, kabla hatujaoana. Wakati wa mazishi alikuwa Mombasa kwa watu wake. Binti yangu alitafuta namba yake kwenye simu ya mama yake, akampigia. Mtoto wa miaka kumi na tatu.

Alinipa pole kwa heshima. Kisha akasema, "Tini iko wapi?"

Nikampa. Aliipeleka dirishani, akapitisha ukucha wake ndani, polepole. Tukasikia ukucha ukikwaruza.

"Unakwangua na nini?"

"Kijiko."

"Kijiko cha chuma. Njoo uone. Weka kidole hapa."

Nikaweka. Katikati ya tini palikuwa pamechimbika, mistari mingi imeelekea upande mmoja, kama mtu aliyevuta vidole kwenye udongo. Keki ya kwanza ilishika kwa sababu niliipindua ikiwa bado laini kwa joto. Nikakwangua, chuma kikachubuka. Ya pili ikashika palipochubuka. Nikakwangua tena palepale.

"Huu mkono unaouona kwenye keki," akasema, "ni wako, baba yangu."

Nikakaa chini. Sikujua kama nimefarijika au nimefiwa mara ya pili.

"Inuka," akasema. "Tunaoka."

Alikuwa amekuja na karatasi ya kuokea. Akapaka tini majarini kidogo, akakata karatasi duara ya kukaa chini kabisa, ikafunika michubuko yote, akanyunyiza unga na kukung'uta uliozidi. Nikapiga mayai. Keki ilipoiva nikaitoa, na mikono ikaenda yenyewe kuipindua.

"Kaa," akasema.

"Mama, siwezi kukaa."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Yote, yale ya kugonga. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu. Hakucheka wala hakusema astaghafirullah. Alivuta viti viwili, kimoja kikiwa kile cha marehemu, akakikalia yeye. Nikakaa kile kingine. Dakika moja. Dakika tatu. Jua lilikuwa kali nje na jikoni kulikuwa kimya hivi kwamba nilisikia keki ikipumua, kile kisauti chepesi cha mapovu kinapotulia. Kisha: ko, ko, ko.

Nilimshika mkono. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni yeye?"

"Ni bati linapoa, baba. Bati likipoa hujivuta, likijivuta hulia." Akaisogeza tini katikati ya meza. "Na hata kama angekuwa ni yeye. Angekuwa anakuambia nini?"

Sikuhitaji kufikiri. "Bado."

"Basi subiri."

Nililia, wenzangu. Nililia zile dakika zilizobaki zote, nimeshika mkono wa mama wa watu, na tini mbele yetu mezani. Sikukimbia. Nilikuwa nimeikimbia miezi mingapi?

Zikatimia kumi. Akanipa kisu chembamba: kikae kimeegemea ukuta wa tini, kizunguke mara moja, kisirudi nyuma. Kitambaa safi juu ya keki, juu yake wavu wa kupozea. Shika vyote pamoja, pindua kwa mara moja, weka chini. Usitikise. Iache ijishushe kwa uzito wake. Nikahesabu moyoni, nikainua tini moja kwa moja juu. Ikaja nyepesi, tupu. Nikavuta karatasi kuanzia ukingoni, nikiilaza, si kuinyanyua, kidogo kidogo. Chini yake keki ilikuwa nzima.

Kesho yake niliifunga nikaenda nayo Katito. Binti yangu aliipokea, akaigeuza, akachungulia chini yake. Akala kipande amesimama. "Tini?" akauliza. Nikamwambia nimempa fundi wa mabati, ameikata. Hakurudi siku ile. Alirudi baada ya wiki tano, na wiki ya kwanza nyumbani alilala taa ikiwaka. Sikumlazimisha kuizima.

Sitawadanganya kwamba nimeelewa kila kitu. Tini yangu mpya nayo hulia ikipoa, mara moja, mara nne, bila mpango. Ile ya zamani iligonga mara tatu, siku zote tatu. Na jikoni siku hizi mchana kuna kimya ambacho nimekizoea, lakini sijasema ni kitupu. Nakaa nacho.

Nawashukuru. Namshukuru yule mama wa Kaloleni, ambaye leo hayupo kwa sababu ana wageni, lakini anajua nasimama hapa. Namshukuru shemeji yangu aliyemhifadhi mtoto bila kunisema vibaya mbele yake. Namshukuru binti yangu aliyekuwa na akili ya kuondoka na akili zaidi ya kupiga simu. Nawashukuru majirani mliokula vile vipande vilivyopasuka mkasema ni vitamu.

Nililojifunza ni hili. Jambo likiwa bado moto, ukilivuta, linapasuka, na ukikwangua palipopasuka unazidi kuchimba. Kuna muda wa kukaa tu. Muda huo unatisha, na mimi sikuuweza peke yangu. Niliuweza siku alipokuja mtu akavuta kiti.

Wewe uliyekaa karibu na mlango, uliyekuja leo kwa mara ya kwanza na hujavua koti. Sijui umempoteza nani. Kesho mchana sina oda. Nielekeze kwako, nije tukae. Si lazima tuongee.