Mtungi wa Mzee Hiranya Kaji

Ndugu zangu wa ua wa Twaya, wageni wetu kutoka mitaa mingine ya Patan, makuhani, mafundi wa shaba, na ninyi kamati ya hekalu mliojikalia viti vya mbele, mimi ni Nirjala, binti wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu kabla hatujambeba kwenda mtoni. Jana kamati iliniletea karatasi iliyokwisha kuchapwa, imejaa sifa za kupakwa mafuta, nikaisoma hadi katikati, nikaona kinyaa, nikaitia moto wa jikoni. Hii ninayoisoma ni yangu.

Baba yetu, Hiranya Kaji Shakya, alizaliwa tarehe 14 Novemba 1946 katika nyumba ile yenye mlango wa bluu nyuma yenu, akasoma hadi darasa la tano mwaka 1958, kisha akatolewa shuleni kwa kuwa mikono yake ilitakiwa karakanani, akaanza kwa kukanda nta, akapanda hadi kufinyanga kalibu za udongo na samadi, akapewa kuyeyusha shaba, akaaminiwa kupaka dhahabu, na mwaka 1970 akaruhusiwa kuchonga macho ya sanamu, kazi ambayo hapewi mtu asiyejua kunyamaza. Wanafunzi wake wanakumbuka alivyowakemea, "Jicho ni la mwisho! Ukimfungua macho kabla ya wakati umemwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji, utamwambia nini, samahani mama, lala tena?"

Tarehe 9 Februari 1969 alimwoa mama yetu, Chandra Keshari, ambaye siku ya kwanza alimuuliza, "Hivi nimeolewa na mtu au na zizi?" kwa ile harufu ya samadi, na hadi alipotutoka mwaka 2016 hakuwa amepata jibu la kumridhisha. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu Pushpa Ratna, mwaka 1971, aliyefika juzi kutoka Sydney, na mimi, mwaka 1974.

Hakuwa mtu wa kubembeleza wateja. Mwenye hoteli mmoja alikuja kumwagiza vichwa ishirini vya Buddha, vichwa vitupu, vya kuwekea taa vyooni, na baba akamwambia, "Kamlete mama yako kwanza, nimpime shingo." Mimi nilicheka, yeye hakucheka, alinawa mikono mara mbili kama aliyeshika kitu kilichooza.

Sasa nafika mwaka 1981, mwaka ambao karatasi ya kamati iliuruka kama mtu anavyoruka mtaro wa maji machafu.

Mwezi Agosti mwaka huo ilikuwa zamu ya baba kulitunza hekalu la ua huu, na Mama Tara wetu, mungu wa kike wa hekalu hili, alikuwa amelegea kiwiko cha kushoto na dhahabu imemtoka usoni, kwa hiyo kuhani akafanya kama ifanywavyo siku zote, akauhamisha uhai wake kutoka kwenye sanamu akautia katika mtungi wa maji, mtungi ukawekwa chumba cha ndani chini ya ulinzi wa baba, na sanamu, ambayo sasa ilikuwa shaba tu, ikaletwa karakanani. Baba akaunga kile kiwiko na kupaka dhahabu upya. Mwenyekiti wa kamati wakati huo alikuwa Mzee Bekha Ratna, huyu hapa mbele yangu mwenye kofia nyeusi, na alimwomba baba atengeneze na sanamu ya pili inayofanana kabisa na ya kwanza, ati ya kubebwa kwenye maandamano ili Mama asichakae. Baba akaitengeneza, tena kwa mapenzi.

Tarehe 3 Oktoba 1981 ile ya pili ndiyo iliyoletwa kukaa kwenye kiti, na ya kwanza haikuonekana tena. Baba aliijua kazi ya mkono wake tangu mlangoni, akauliza, na Mzee Bekha Ratna akamjibu, "Piga kelele basi. Nakala kaitengeneza nani? Mimi?" Hapo baba alifungwa mdomo, na aibu hiyo aliibeba hadi kwenye moto wa mtoni anakokwenda leo, kwamba wezi walikuwa wengine lakini mikono ilikuwa yake.

Lakini mtungi ulikuwa bado chini ya ulinzi wake. Asubuhi ya sherehe ya kurudisha uhai, baba alimpelekea kuhani mtungi mwingine, pacha wa ule, wenye maji ya kisima, na ule wa kweli akauleta nyumbani kwetu, akauweka juu darini, na tangu siku hiyo kila alfajiri aliuongezea maji kidogo yasikauke, nami nilipofika miaka kumi nilianza kumshikia ngazi.

Najua mnachojiuliza, basi miaka arobaini na mmoja tulikuwa tukimsujudia nani. Mmeisujudia shaba nzuri ya baba yangu. Naomba radhi kwa niaba yake kwa kina mama waliofunga saumu mbele yake, ninyi hamkuwa na kosa, na sala zenu naamini zilijua njia ya kwenda darini. Kwa kamati siombi radhi.

Mwaka 2009 msomi mmoja alimletea baba kitabu cha picha, na humo akamwona Mama Tara katika jumba la makumbusho la ng'ambo, akamtambua kwa kile kiwiko. Walikuwa wamemsugua kama sufuria, wameitoa ile poda nyekundu ambayo bibi zetu walimpaka usoni kwa miaka mia tatu, wakaandika kwamba wamemsafisha uchafu, na chini yake wakaandika neno moja, "Utulivu". Ule mkono wake wa kulia unaoning'inia wazi ili mtu auguse na kuomba, walikuwa wameuzungushia kioo. Baba alitapika, simaanishi kwa mfano, alitapika kwenye ndoo ya udongo.

Tarehe 3 Machi 2023 Mama Tara alirudishwa kwenye kiti chake, kwa ngoma na hotuba, na aliyekata utepe na kuvishwa shada la maua kama shujaa ni Mzee Bekha Ratna. Kisha kamati ikaja kwetu, maana yule kuhani wa mwaka 1981, aliyekuwa ameutambua mtungi wa bandia, alikuwa amewadokeza, ikasema, "Mzee Hiranya, tupatie basi mtungi tumrudishie uhai, mambo ya zamani yameisha." Baba akawajibu, "Aliyemuuza asimame uani aseme, 'Mimi nilimuuza.' Siku hiyo hiyo mtungi nitaubeba mwenyewe."

Hakuubeba. Zebaki ya kupakia dhahabu ilikuwa imemla figo na kumtetemesha mikono tangu 2019, akalazwa Novemba mwaka jana, na tarehe 9 Januari 2024, saa moja asubuhi, akatutoka.

Mtungi huu hapa, chini ya kitambaa cheupe, miguuni pangu. Mama yuko hatua ishirini kutoka hapa, macho wazi na ndani mtupu. Mzee Bekha Ratna, una miaka themanini na minne, nakusihi mbele ya maiti, simama useme, nasi tutapitia hekaluni na mtungi kabla ya mtoni. Nanyamaza kidogo.

Mstari unaofuata niliuandika jana, kwa kuwa nakufahamu. Hakusimama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, mafundi wenzake waliozima tanuri zao leo kwa heshima yake, na kaka yangu atakayewasha moto. Wabebaji, pitieni lango la nyuma, sipendi baba apite mbele ya viti hivi.

Baba, pumzika kwa amani. Maji ya alfajiri nitayaongeza mimi.